Kutoka Keria Hadi Pedali ya Pili

Atazamaye mke na mume wakiondoka kwa baiskeli moja kwenye barabara ya vumbi ya Kapalamsenga, wilaya ya Tanganyika, aangalie mwanzo wake. Mume anaanza kukanyaga peke yake. Mke anatembea ubavuni, kiganja kwenye keria, kitenge amekikusanya magotini kisije kikanaswa na spoku. Chombo kikishika mwendo, anadandia kwa upande, mara moja, bila kujivuta.

Kwa nini asipande baiskeli ikiwa imesimama? Keria iko juu ya gurudumu la nyuma. Mtu mzima akikaa pale, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba, na baiskeli isiyo na giya huanza kwa taabu. Mwendo ukishapatikana, kuyumba kunapungua. Ndiyo maana pia mlimani mke huruka chini kabla hajaombwa: anajua ni kilo zake zinazomtoa mwenzake jasho.

Kwenye tandemu, baiskeli ya viti viwili na pedali jozi mbili, mengi ya mazoea hayo yanageuzwa. Wa nyuma amekaa kati ya magurudumu, kwa hiyo usukani hauwi mwepesi, na kudandia hakuna. Wa mbele anasimama amepanua miguu, amebana breki zote mbili. Wa nyuma anapanda, anaweka miguu yote kwenye pedali, anatulia. Pedali moja inapandishwa juu kidogo, linatoka neno "twende," na wote wanakanyaga pamoja. Mlimani hakuna wa kuruka, maana hapo ndipo miguu minne inapohitajika. Mteremkoni uzito ni wa watu wawili ilhali upepo unamkabili zaidi yule wa mbele, kwa hiyo kasi inakuja upesi kuliko ulivyozoea. Breki ziguswe mapema.

Pedali za mbele na za nyuma zimefungwa kwa mnyororo mmoja. Wa mbele akiacha kukanyaga ghafla, miguu ya mwenzake nayo inasimama, atake asitake, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa tandemu unapoanzia. Dawa ni kutangaza kabla: "naacha," "giya," "shimo." Neno likija baada ya shimo halisaidii kitu, mgongo wa mtu umeshalipokea. Wa nyuma akisikia "shimo" anajiinua kidogo kwenye kiti, pedali zikiwa usawa, magoti yapokee mshtuko.

Mkenya Douglas Sidialo alipoteza uwezo wa kuona katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, 7 Agosti 1998. Baadaye aliendesha tandemu kutoka Cairo hadi Cape Town, mwenye kuona akishika usukani. Kwake maneno ya wa mbele ndiyo barabara yenyewe. Lakini hata mwenye macho mazima, akiwa kiti cha nyuma, anachokiona sana ni mgongo wa shati. Wanandoa waliozoea kuelewana kimyakimya ndio wanaopata shida zaidi hapa.

Nani akae mbele? Mzoefu wa barabara, na mwenye nguvu za kuushika usukani mzito. Kama huyo ni mke, basi mke. Najua wanaume kadhaa hawataipenda sentensi hii.

Jambo moja tu linahama kutoka keria bila kubadilika: kwenye kona, wa nyuma hajaribu kusawazisha. Analala na baiskeli upande inaolalia. Akijinyoosha kwa hofu, wa mbele anaanza kushindana naye kwa mikono.

Kusimama ndiko kunakomponza aliyekulia kwenye keria, kwa kuwa huruka chini baiskeli ikiwa bado inatembea. Kwenye tandemu akifanya hivyo, uzito wote unalala upande mmoja mikononi mwa mwenzake. Asubiri baiskeli isimame, wa mbele ashushe miguu yote na kubana breki, kisha aambiwe: "shuka."