Mahali Kompyuta Ilipokwama

Yahuma ni moja kati ya teritware 7 za jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na safari ya kutoka huko hadi Kisangani, kwa mto na kwa njia za msituni, si ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kompyuta ikigoma kuwaka katika mahali kama hapo, hakuna duka la jirani la kuipeleka, wala intaneti ya kutegemewa ya kupakua mfumo mzima upya. Aliyepo ni fundi, na alichonacho ni akili yake, flashi moja, na umeme wa kadiri ya jua lililopiga paneli siku hiyo. Nataka kumsifu fundi huyo katika kazi moja ambayo watu huiona bahati au uganga: kuirudisha kompyuta ya Linux iliyokataa kuwaka baada ya kubadilishiwa kerneli, yaani kiini cha mfumo wake. Nashikilia kwamba kazi hiyo ni elimu kamili yenye kanuni zake za ushahidi, na kwamba moyo wake ni kujua mahali kabla ya kujua dawa. Fundi hodari haanzi kwa kuuliza afanye nini. Anauliza mashine ilifika wapi.

Swali hilo lina jibu kwa sababu kuwaka kwa kompyuta ni kazi ya kupokezana. Programu iliyomo kwenye ubao mama huanza, ikakagua kumbukumbu na diski, kisha ikakikabidhi kazi kipakiaji, ambacho kwenye mashine nyingi za Linux ni GRUB. GRUB huipandisha kerneli kwenye kumbukumbu pamoja na initramfs, furushi dogo la draiva na programu za kuanzia ambalo kerneli hulitumia kuifikia diski yenye mfumo wote. Diski ikishapachikwa, huanzishwa programu ya kwanza kabisa, ile inayopewa namba 1, nayo huziamsha nyingine zote hadi mtu aone pa kuandikia nenosiri. Kila hatua huacha alama. Orodha ya GRUB ikionekana, basi ubao mama na sehemu ya kwanza ya diski havina kesi. Maandishi ya kerneli yakianza kushuka kwenye skrini, GRUB nayo imeondolewa lawama. Skrini ikibaki nyeusi lakini taa ya herufi kubwa kwenye kibodi inajibu ikibonyezwa, yaelekea mashine iko hai na kilichoshindwa ni draiva ya picha. Hitilafu imo kati ya jambo la mwisho lililofanikiwa na la kwanza lililoshindikana, na kazi yote ya awali ni kuibana nafasi hiyo mpaka ibaki nyembamba.

Kuibana kunataka kusoma, na kusoma kwenyewe kuna adabu yake. Walokele wa kandokando ya mto Kongo, chini ya Kisangani, wana ngoma ya kusemea yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa kuwa maneno mengi yana mpangilio uleule wa sauti, mpiga ngoma halipigi neno peke yake. Huliongezea maelezo marefu mpaka msikilizaji wa mbali asiweze kulichanganya na jingine. Mmisionari John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ujumbe wa kerneli iliyoshindwa unahitaji msikilizaji wa aina hiyo, anayengoja mpaka mwisho wa sentensi. Wengi husoma neno la mwanzo, lile la kutisha, wakazima mashine. Lakini mwishoni mwa mstari unaosema kerneli imeshindwa kupachika diski kuu kuna namba mbili ndani ya mabano. Zikiwa 0 na 0, kerneli haikuipata kabisa diski iliyoagizwa kuitafuta: mara nyingi initramfs haipo, imeandikwa nusu, au haina draiva ya diski hiyo. Zikiwa 8 na 1, habari ni nyingine, maana 8 ni namba ya jamii ya diski za kawaida na 1 ni kizigeu cha kwanza. Diski imeonekana, ila mafaili yake hayasomeki. Aliyezisoma namba hizo anajua aelekee wapi. Kama initramfs imeandikwa nusu, atauliza sababu, na sababu katika nchi hizi huwa karibu: umeme ulikatika usasishaji ukiendelea, au sehemu ya diski inayohifadhi kerneli ilijaa matoleo ya zamani. Ataingia kwenye orodha ya GRUB, achague kerneli ya awali, mashine iwake, afute matoleo ya zamani yaliyozidi, aitengeneze initramfs upya. Kerneli ya awali ikiwa haipo, atawasha kwa flashi, apachike diski ile, na kuingia ndani ya mfumo mgonjwa ili aurekebishe kana kwamba umewaka wenyewe.

Kuna watakaosema haya ni mahangaiko ya bure: piga fomati, weka mfumo upya, kazi imekwisha. Hoja hiyo ina uzito mjini, kwenye mashine isiyo na kitu ndani, na diski iliyooza haihitaji falsafa. Ila kerneli iliyogoma kwa kawaida haijagusa mafaili ya mtu. Takwimu za wagonjwa wa kituo cha afya, alama za wanafunzi, hesabu za chama cha wakulima, zote zimo nzima. Kufomati ni kuvifuta vitu vizima kwa ajili ya faili moja bovu. Tena, na hili ndilo naliona zito zaidi, kunafuta ushahidi. Kama chanzo kilikuwa sehemu iliyojaa, mfumo mpya uliowekwa kwa mpangilio uleule utajaa tena, na mwenye mashine ataamini kwamba kompyuta zina tabia ya kufa kila baada ya miezi kadhaa.

Wengine watatoa ushauri wa kinyume: basi tusisasishe kamwe. Hao wanaikimbia hatari inayoonekana na kukaa na isiyoonekana, kwa kuwa matundu ya usalama huzibwa kwa kerneli mpya. Mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu huiacha kerneli ya zamani kando ya mpya ili mtu apate pa kurudi. Kuna pia pingamizi la kwamba ofisi nyingi za Kongo zinatumia Windows, hivyo ufundi huu hauzihusu. Lakini tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya kampuni ya CrowdStrike, iliyosomwa na programu inayofanya kazi ndani kabisa ya kerneli ya Windows, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Tiba ilikuwa kuwasha kwa hali salama na kuifuta faili hiyo, na kwa mashine nyingi mno ilibidi mtu akae mbele yake, moja baada ya nyingine, kwa kuwa kompyuta isiyomaliza kuwaka haiwezi kutegemewa kupokea msaada kwa mtandao. Siku ile viwanja vya ndege vya nchi tajiri vilimhitaji mtu yuleyule ambaye Yahuma inamhitaji.

Hubaki hali ngumu, pale kerneli yenyewe ina kosa. Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu alichokianzisha Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2005, kina njia ya kuyagawa mabadiliko hayo nusu kwa nusu, hata 10,000 yapekuliwe kwa majaribio 14 hivi. Kila jaribio hudai kerneli ijengwe upya, na kwa umeme wa paneli hilo ni ghali mno. Fundi wa Yahuma bado anaweza kufanya sehemu yake: kuwaandikia watengenezaji wa kerneli, akitaja toleo la mwisho lililowaka na la kwanza lililogoma, na aina ya diski, pamoja na picha ya mstari ule wa mwisho iliyopigwa kwa simu. Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kwamba badiliko linaloharibu kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji ni kosa la kerneli. Kwa kanuni hiyo barua ya fundi ina haki ya kusomwa, hata kama imengoja siku kadhaa mpaka apate mtandao wa kuituma.