Sifa ya Maji Yanayoondoka

Mtu akishafungiwa bomba la mvua jipya nyumbani, cha kwanza kumwonyesha mgeni ni kile kichwa kinachong'aa ukutani na wingi wa maji yanayoshuka. Mimi bafu nalipima baada ya koki kufungwa. Nainama kutazama sakafu: maji yameondoka yote, au yamejibakiza pembeni? Ustadi wa fundi bomba ninaotaka kuusifu uko hapo chini, miguuni.

Tulimwita fundi kwa ajili ya mama. Mama ameoga kwa ndoo na kopo tangu utoto wake na hana ugomvi na ndoo, ila magoti sasa yanakataa kuinama. Hapa kwetu Dar es Salaam maji huja kwa mgao, hivyo bafu hutegemea tangi lililo juu ya mnara. Fundi alipofika hakufungua mkoba. Alisimama uani, akalitazama tangi, kisha akaenda kutazama ukuta wa bafu. Alikuwa anapima kimo kwa macho. Kila mita 10 za kimo humpa muogaji msukumo wa baa 1. Tangi likiwa mita 3 tu juu ya kichwa cha bomba, ana baa 0.3, na hiyo haitoshi kwa vile vichwa vipana vya madukani. Akachagua kichwa kidogo, akashusha bomba la robo tatu inchi kutoka kwenye tangi, na kona akaziweka chache kadiri alivyoweza, kwa kuwa kila elbo hula nguvu ya maji.

Mabomba yalikuwa ya PPR, yale yanayounganishwa kwa moto. Mashine ya kuchomea hupashwa hadi nyuzi 260 hivi. Bomba la milimita 20 na elbo yake hukaa kwenye joto kama sekunde 5, kisha huchomekwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Ukizidisha, plastiki huyeyukia ndani na kubana njia. Ukipunguza, kiungo huvuja polepole nyuma ya vigae, na utajua tu rangi ya chumba cha pili itakapoanza kubanduka. Fundi wetu hakutazama saa. Alihesabu kwa midomo, bila sauti, na kila kiungo alikipa hesabu yake kamili, hata kile cha mwisho, jua likiwa limeshazama.

Kisha sakafu. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha. Ukiwa mdogo sana maji hulala, ukiwa mkali mtu mzima huteleza. Lakini sakafu ya bafu haiteremki upande mmoja. Pande zake nne hukutana kwenye tundu moja, na kigae ni kitu bapa kisichokubali kupinda, kwa hiyo lazima kikatwe kwa mshazari pale miteremko inapokutana. Alifunga kamba, akaweka pima maji, akasawazisha saruji, akaikwangua, akasawazisha tena. Kabla ya kigae cha kwanza aliziba tundu, akajaza maji, akachora mstari wa penseli ukutani na kuondoka zake. Kesho yake alirudi kuutazama mstari kabla hata ya kunywa chai. Maji yalikuwa palepale. Siku ile ya kungoja haikuandikwa kwenye hesabu ya malipo, nami naona ndiyo iliyostahili kulipwa kuliko zote.

Ukanda wetu wa pwani umejua kuyatunza maji zamani sana. Huko Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14, bado lipo bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe na chokaa juu ya jabali linaloitazama bahari. Wajenzi wake walijua kwamba maji hutafuta ufa, na kwamba wa kuutafuta kabla ya maji ni fundi.

Chini ya tundu fundi wetu aliweka mtego wa maji, ile kona inayobakiza maji kidogo ili harufu ya shimo isipande ndani. Aliyepata hataza ya kona ya namna hiyo, London mwaka 1775, alikuwa Alexander Cumming, fundi wa saa. Mtu wa saa lazima aheshimu vitu vidogo.

Tulipomwomba fundi wetu aunganishe na hita ya kupashia maji, alikataa. Hita ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24 kwenye umeme wa volti 230. Inataka waya wake peke yake, tena wenye ethi. "Hiyo ni kazi ya fundi umeme," alisema. "Mimi mpaka wangu ni maji." Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo.

Alipomaliza alimwita mama, akainua kichujio cha tundu na kumwonyesha jinsi ya kutoa nywele na sabuni iliyoganda. Akamweleza kwamba nyumba ikikaa muda mrefu bila mtu, maji ya mtego hukauka na harufu hupanda. Dawa yake ni kumwaga maji kidogo mule. Mama akauliza kama kazi hiyo anaiweza mwenyewe.

"Unaiweza, mama, lakini usiiname. Mwachie mjukuu, kila Jumamosi."

Mjukuu alikuwa mlangoni, anasikia. Sasa kazi ni yake.