"Inategemea" Lilikuwa Jibu Sahihi: Kuhusu Kile Kijitabu cha Maarifa ya Jumla

Mwaka jana niliombwa niwe mmoja wa waamuzi watatu kwenye shindano la maarifa ya jumla la shule za sekondari hapa Karatu. Nilikubali haraka. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye mashindano haya. Nikiwa kidato cha pili niliwahi kushinda daftari kubwa na kalamu mbili, na kwa wiki nzima nilitembea kifua mbele kama mbunge.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ikasomwa kadi: ipi ndiyo kreta kubwa kuliko zote duniani? Binti mmoja wa kidato cha tatu akawahi kengele, akasimama, akasema, "Inategemea." Watu wakaangua kicheko. Akajaribu kuendelea: "Kama unahesabu na zile zilizojaa maji..." Muda ukaisha. Kadi ilisema Ngorongoro. Nikaandika sifuri. Shule yake ilikosa kikombe kwa alama moja, na swali lile lilikuwa na alama mbili.

Sasa, mimi nasomea maji ya chini ya ardhi, na shahada yangu ya uzamili niliifanya kwenye miamba ya volkano. Katika watu wote mle ndani, mimi ndiye niliyetakiwa kujua kwamba yule binti yuko sahihi. Na nilijua. Nikafuata kadi.

Kadi zilitoka kwenye kijitabu cha maswali 300 na majibu yake, kile cha fotokopi kilichobanwa pini mbili ubavuni, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Sitaji jina lake wala aliyekiandaa. Vijitabu hivi vinanakiliana. Ukikisoma kimoja umevisoma vyote. Baada ya shindano nilikinunua, nikakisoma chote kwa siku mbili, na nina mambo ya kusema.

Nianze na haki yake. Ni cha bei nafuu, kinaingia mfukoni, na wanafunzi wanakipenda kweli. Nimeona vijana wakiulizana maswali yake wakiwa wamesubiri gari stendi. Kuna vitabu vya kiada vyenye picha za rangi ambavyo havijawahi kupata heshima hiyo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa chini hayatokani na dharau.

Turudi kwenye swali namba 14. Kwanza, Ngorongoro kwa lugha ya jiolojia si kreta, ni kaldera. Kreta ni mdomo wa volkano, pale lava na majivu yanapotokea. Kaldera ni kitu kingine. Fikiria andazi lililovimba vizuri kwenye mafuta, halafu ukalitoboa: mvuke unatoka, sehemu ya juu inabonyea. Chini ya volkano kuna chemba ya mwamba ulioyeyuka. Mlipuko mkubwa ukiimwaga, kilele kinabaki hakina cha kukibeba, na kinaporomoka ndani. Hilo ndilo lililotokea hapa kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita. Kilichobaki ni shimo lenye upana wa karibu kilomita 19 sehemu iliyo pana zaidi, kina cha takriban mita 600, na sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260.

Pili, kubwa kuliko zote? Kaldera ya Toba kule Sumatra, Indonesia, ina urefu wa kilomita kama 100 na upana wa 30. Ngorongoro ingeingia mle na nafasi ikabaki. Ila Toba imejaa ziwa. Ya Yellowstone kule Marekani nayo ni kubwa kuliko yetu, lakini lava za baadaye zimeifukia sehemu kubwa. Sifa halisi ya Ngorongoro ni kwamba ndiyo kaldera kubwa kuliko zote duniani ambayo ukuta wake haujavunjika na sakafu yake haijajaa maji wala lava. Na huhitaji kwenda Indonesia kuona tofauti. Ndani ya eneo lile lile la hifadhi kuna Empakai, kaldera ndogo ambayo sehemu kubwa ya sakafu yake ni ziwa. Yule binti alikuwa anaelekea huko huko. Alihitaji kama sekunde kumi hivi.

Mtu ataniambia, "Wewe unatafuta makosa madogo, mtoto akijua Ngorongoro inatosha." Haitoshi. Baada ya shindano niliwauliza wanafunzi saba au wanane hilo shimo lilitokeaje. Watatu walisema kimondo kilianguka. Nawaelewa. Umeambiwa kuna shimo kubwa, hukuambiwa lilivyotokea, na darasani umesikia habari za Kimondo cha Mbozi. Akili inaunganisha yenyewe. (Kimondo cha Mbozi chenyewe hakina shimo la kuonekana pale kilipo, lakini hiyo ni siku nyingine.) Jibu lisilo na maelezo huacha nafasi tupu, na ile nafasi haikai tupu.

Mengine nayapitia haraka. Kijitabu kinautaja Hanang kuwa mlima wa tatu kwa urefu Tanzania, baada ya Kilimanjaro na Meru. Hanang unazidi kidogo mita 3,400. Loolmalasin, ulioko hapa hapa kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, unazidi mita 3,600. Mtoto wa Karatu anafundishwa kuuruka mlima wa jirani yake! Kinaiorodhesha pia Ngorongoro miongoni mwa hifadhi za taifa. Siyo. Mwaka 1959 ilitenganishwa na Serengeti ili wanyamapori, mifugo na watu waishi pamoja ndani ya kilomita za mraba 8,292, na ina mamlaka yake, haiko chini ya TANAPA. Mjadala mkali wa miaka hii kuhusu familia kuhamia Msomera, Handeni, mwanafunzi hawezi kuufuata hata hatua moja kama tangu mwanzo ameambiwa ni hifadhi ya taifa kama nyingine, maana atajiuliza hao watu walifuata nini mle.

Swali namba 51 lilinikera zaidi. "Nani aligundua fuvu la binadamu wa kwanza duniani?" Jibu: "Dk. Louis Leakey, Olduvai, 1959." Siku ile, tarehe 17 Julai 1959, Louis alikuwa amelala kambini na homa. Aliyeliona fuvu ni mke wake, Mary Leakey. Fuvu lenyewe, lililopewa jina la Zinjanthropus, si la binadamu wa kwanza, na wanasayansi wengi leo hawalihesabu hata kuwa la babu yetu wa moja kwa moja. Ni tawi la pembeni lililokoma. Lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Nyayo za Laetoli, kusini mwa Oldupai, zina zaidi ya miaka milioni 3.6, na timu iliyozichimba iliongozwa na Mary huyo huyo miaka ya 1970. Hata jina Olduvai ni matamshi ya mgeni. Neno la Kimaasai ni Oldupai, mkonge pori unaoota kwenye lile bonde.

Lakini hata ukisahihisha jina na tarehe, swali bado ni bovu, kwa sababu halimpeleki mwanafunzi kwenye jambo tamu kuliko yote: umri ule ulijulikanaje? Mfupa wa kale namna ile haupimwi wenyewe. Yanapimwa majivu ya volkano yaliyotandazwa chini na juu yake. Ndani ya majivu kuna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Volkano inapolipuka, saa inaanza upya. Ukipima agoni iliyonaswa ndani ya punje, unasoma saa. Na majivu yale yalitoka wapi? Kwenye volkano za nyanda hizi hizi, ndugu zake Ngorongoro. Bila milipuko hiyo, Oldupai ingekuwa na mifupa isiyo na tarehe. Swali la 14 na la 51 ni hadithi moja, na kijitabu kimeyatenganisha kwa kurasa tano za miji mikuu ya Ulaya.

Lipo swali moja ambalo jibu lake ni sahihi kabisa na bado linaumiza. Floraidi ina faida gani mwilini? "Huimarisha meno." Ni kweli, ikiwa kidogo. Ila sisi tunaishi kwenye ukanda wa volkano, ambako miamba na majivu huachia floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita; mkoani Arusha kuna visima na chemchemi zinazopita kiwango hicho mara kadhaa. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka, yatatoka na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Kwenye ule ukumbi walikuwepo wanafunzi waliokuwa wakicheka huku wameziba midomo kwa mkono. Nilisoma na wenzangu wa namna hiyo, waliitwa wachafu. Kijitabu cha maarifa ya jumla kinachouzwa mkoani Arusha kilikuwa na nafasi ya kuwaambia kwamba kosa ni la mwamba. Kikachagua tangazo la dawa ya meno.

Mwalimu mmoja aliniuliza ningeweka swali gani badala yake. Nilimpa hili: Mang'ola ni kukavu, mvua chache, mbona vitunguu vinastawi vile? Kila mtu Karatu ameviona vile vitunguu kwenye malori. Jibu ni kwamba misitu ya juu Ngorongoro na Oldeani hukamata ukungu na mvua, maji yanazama kwenye miamba ya volkano, yanasafiri chini kwa chini, yanatokea kwenye chemchemi kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Humo kuna jiografia, fizikia na biashara. Akasema ni zuri, lakini litasahihishwaje ndani ya sekunde 30? Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Labda alama nusu kwa kila hatua. Labda kengele iondolewe.

Niliwaandikia waandaaji wa shindano kuomba matokeo ya swali lile yatazamwe upya. Walinijibu kwa adabu kwamba kikombe kimeshachongwa jina. Toleo jipya la kijitabu limetoka mwezi huu; wamebadilisha jalada. Kreta iko pale pale, namba 14.