Taamuli Bila Mwenendo ni Paa Bila Msingi

Mabudha wana hekalu hapa Dar es Salaam, Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi hata vijana wa Kinondoni na Temeke huambiwa kwamba taamuli ya Kibudha ni jambo jepesi: keti, fumba macho, fuata pumzi, moyo utatulia. Yatupasa tuyapime maneno hayo kwa kitabu chao wenyewe.

Kitabu hicho ni Visuddhimagga, yaani Njia ya Utakaso, alichokiandika Buddhaghosa huko Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 5. Kina milango 23. Miwili ya mwanzo haimfundishi mtu kuketi. Yafundisha kuchunga ulimi na viungo, kuchunga macho na masikio, kutafuta riziki kwa njia safi, na kujinyima. Kwa nini? Kwa sababu asiyejichunga huandamwa na majuto, na majuto ni miongoni mwa pingamizi za moyo, pamoja na tamaa, chuki, uzito wa usingizi na shaka. Aliyepunja mizani asubuhi atafumba macho jioni, lakini atakachokiona ni mizani.

Katika mlango wa 3 mwandishi anataja mambo 10 yanayomshughulisha mtu asitulie. Sisi walimu na tuisome orodha hiyo polepole, maana faida, wanafunzi na ujenzi vimo! Jamaa wanaougua nao wamo. Je, awakimbie? La. Anaambiwa awauguze mpaka wapone, ndipo aendelee. Hapo mwandishi amesema kweli, naye anastahili sifa.

Lakini kitabu kina upungufu. Kimeandikiwa mtawa. Mama anayechoma maandazi Tandika, mwenye wajukuu mgongoni, hakimwonyeshi faragha yake ataipata wapi. Tena moyo ukishatulia, kwao hakuna Mola wa kuelekewa; kwetu sisi, huko kuelekea ndiko makusudio yenyewe.

Hata hivyo, tusicheke. Wangapi kati yetu hulalamika kuwa khushui haiji katika Sala, na haki za watu zimo mifukoni mwao? Basi, msomaji, anayekuahidi utulivu bila kukuuliza habari ya ulimi wako, mizani yako na mgonjwa wako nyumbani, huyo hata kitabu anachojinasibisha nacho hakijui. Rudisha cha watu kwanza, kisha uketi.