Hongera Mafundi wa Kompyuta wa Luthuli

Hongera zao mafundi wa kompyuta wa barabara ya Luthuli, Nairobi. Mteja huingia akitaka mashine mpya kwa kuwa ya zamani imekuwa nzito. Fundi mwema hakimbilii kumuuzia. Kwanza humuuliza anaifanyia kazi gani. Mtu wa barua na hesabu mara nyingi hutoka na diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, labda na RAM ya GB 8, basi. Wa michezo ni habari nyingine: kadi kubwa ya michoro haina faida ikiwa pawasaplai haiwezi kuilisha, kwa hiyo fundi husoma wati kabla ya kutaja bei. Uaminifu huo naupenda mno.

Mtazame fundi kompyuta inapokataa kuwaka, ikilia pii, pii tu. Huchomoa RAM, akayasugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akairudisha mpaka vibano vikalia ta! Zikiwa mbili huzijaribu mojamoja, ajue mbovu ni ipi. RAM ya aina ya DDR3 halazimishi kuiingiza penye nafasi ya DDR4; pengo lake liko kwingine. Kabla ya kufunga hutoa vumbi kwenye feni, kisha humkabidhi mteja vipuri vyake vya zamani.