Muhuri Hufanywa Kabla ya Kuchongwa

Watu wengi waendao kuagiza muhuri hudhani kwamba kazi yote i mikononi mwa fundi, na kwamba wao hawana wajibu ila kutaja jina, kutoa fedha na kurudi jioni kuuchukua. Dhana hiyo ndiyo asili ya mihuri mingi mibaya iliyolala katika meza za ofisi zetu: ile ambayo herufi zake zimeshikana, ile isiyoacha mahali pa tarehe, na ile iliyopungukiwa na herufi moja ya jina lililosajiliwa, hata hati ikakataliwa benki. Mashine haina hiari. Huchonga kosa kwa uaminifu ule ule inaochongea usahihi. Kwa hiyo ubora wa muhuri huamuliwa katika karatasi ya oda, kabla mpira haujaguswa.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa kwanza kutazama namna muhuri unavyozaliwa. Msingi wake uliwekwa mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani alipogundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto hugeuka tabia, usiyeyuke kwa jua wala usipasuke kwa baridi. Kwa maarifa hayo mafundi waliokuja baadaye walipanga herufi za risasi mstari kwa mstari, wakazikandamiza katika ubao wa kalibu mpaka zikaacha alama zake, kisha wakalaza juu ya kalibu ile mpira mbichi uliokwisha kutiwa salfa, wakaubana katika shinikizo lenye joto la kadiri ya nyuzi 150 za selsiasi kwa dakika kadhaa. Na ulipobanduliwa ulikuwa na herufi zilizoinuka, zinazosomeka kinyume kama ipasavyo.

Siku hizi, katika maduka ya mijini, kazi hiyo aghalabu hufanywa na leza. Mwali wake huunguza kila kisichokuwa herufi katika kipande cha mpira chenye unene wa milimita 2 na ushei, na fundi hodari huiamuru mashine iache miguu ya herufi itanuke kidogo kuelekea chini, kama kuta za boma zilivyo nene msingini, ili mstari mwembamba usilale pindi mkono unapokandamiza. Baadaye kipande huoshwa kwa sabuni na mswaki, maana masizi yakibaki baina ya herufi huchafua kila alama. Njia nyingine ni ya sponji yenye vinyweleo: maneno huchapwa kwa weusi katika karatasi angavu, karatasi hiyo hulazwa juu ya sponji, na taa kali humweka mara moja, palipopigwa na mwanga vinyweleo huyeyuka na kuziba, palipokingwa na weusi hubaki wazi, na wino uliotiwa nyuma hupenya hapo tu.

Njia hizi zote zina sharti moja: haziwezi kuumba nafasi ambayo mwagizaji hakuiacha. Tuchukue mfano wa wavuvi wanaotaka muhuri wa duara wenye kipenyo cha milimita 38, na jina lao kamili ni Chama cha Ushirika wa Akiba na Mikopo cha Wavuvi. Ukihesabu herufi pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno utapata 48. Karani wa duka, kwa mazoea, hulipinda jina juu na kuuweka mji chini. Lakini duara si pana kama lionekanavyo, kwani ukitoa ukingo na pengo la kuutenga na maneno, mduara upitao katikati ya herufi hubaki na kipenyo cha milimita 32, na mzingo wake ni milimita 100 na nusu. Theluthi mbili za mzingo huo, zilizopewa jina, ni milimita 67. Zigawe kwa 48, na kila herufi itapata milimita 1.4. Katika mpira hiyo ni dhiki: matundu ya A na R hujaa wino, na haupiti muda mrefu jina likawa utepe mzito wa buluu usiosomeka.

Wako watakaoshauri jina lifupishwe, lakini jina lililosajiliwa si mali ya karani wala ya katibu kulikata apendavyo. Wengine watasema kipenyo kiongezwe hadi milimita 42. Hilo huipa kila herufi milimita 1.6 hivi, nafuu ambayo haitoshi. Dawa iliyo bora ni kulizungusha jina duara zima, nyota moja ikitenga mwisho na mwanzo, na kuuhamishia mji na sanduku la posta katikati, katika mistari miwili mifupi yenye uwazi wa tarehe baina yake. Kwa mpango huo, katika kipenyo kile kile cha milimita 38, kila herufi hupata milimita 2, nayo gharama haiongezeki hata senti.

Baada ya mpango huja nakala ya kukagua, na hapa ndipo wengi hujidanganya, kwani huletewa mchoro kwa simu, wakaukuza kwa vidole viwili, wakaona kila kitu kizuri. Takeni uchapwe karatasini kwa ukubwa wake halisi, kisha usomwe herufi kwa herufi, cheti cha usajili kikiwa kando, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili jicho lisijaze lenyewe kilichopungua. Mstari mwembamba kuliko milimita 0.3 ukataliwe. Nembo yenye vivuli ichorwe upya kwa mistari mizito, maana mpira hujua mambo mawili tu, kugusa na kutogusa, wala hauna rangi ya kati.

Wino nao utajwe katika oda. Mpira wa asili hupatana na wino wa maji na gliserini. Wino wa mafuta huuvimbisha, ilhali sponji ya vinyweleo hutaka mafuta hayo hayo. Anayetia wino wowote aliouona karibu ameuharibu muhuri kwa mikono yake, na fundi hana taksiri.

Limebaki suala la amana. Wasomaji wa mwambao wanakumbuka kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoambiwa kuwa wafalme hawasomi waraka usio na muhuri, alijifanyizia pete ya fedha iliyonakishiwa mistari mitatu, neno moja kila mstari, akakataza mtu mwingine yeyote asinakishi mfano wake. Makatazo hayo yana hekima kwetu pia, kwa kuwa picha ya hati iliyogongwa muhuri yatosha leo kumpa tapeli mchoro wa kuchongesha wa pili. Oda na iende na barua yenye sahihi za viongozi, faili la mchoro lisiachwe likizagaa dukani, na muhuri uliochakaa ukatwe vipande mbele ya mashahidi.

Hivyo basi, fundi akikuuliza maswali mengi kabla ya kuwasha mashine, akataka cheti, akataka vipimo, akataka kujua karatasi na wino utakaotumia, usimwone mzito. Wa kuogopwa ni yule apokeaye jina kwa mdomo na kukuahidi muhuri baada ya nusu saa.