Kinesini Haitembei Hivyo

Sina haja ya kusimulia filamu yenyewe. Mmeshaiona The Inner Life of the Cell, wengi wenu zaidi ya mara moja, kazi ya studio ya XVIVO kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 2006. Toleo refu lenye maelezo ni la dakika nane hivi, lile fupi lenye muziki ni la dakika tatu. Katika yote mawili kuna kipande ambacho mtu akishakiona hakisahau: kinesini inakanyaga mikrotubuli taratibu, moja, mbili, moja, mbili, huku ikiburuta kifuko kikubwa kuliko yenyewe mara nyingi. Kipande hicho ndicho kilichoifanya filamu ipendwe, na ndicho kilichoiharibu.

Uamuzi ulikuwa mmoja wenye sura mbili: kuondoa msongamano na kuondoa mtikisiko. Ndani ya seli halisi, molekuli kubwa peke yake, yaani protini, RNA na jamii yake, huchukua karibu robo ya ujazo wa saitoplazimu. Nafasi inayobaki imejaa maji, chumvi na molekuli ndogo, na hakuna hata moja inayotulia. Filamu inatuonyesha ukumbi mpana na mtupu, wenye mikrotubuli imenyooka katikati kama vile imewekewa njia. Anayewajua mahamali wa Kariakoo anajua kwamba kazi yao si gunia tu. Ni gunia pamoja na watu wote waliosimama kati ya duka na gari. Hapa soko zima limefutwa, hamali ameachiwa barabara tupu, halafu tunaombwa tustaajabie mwendo wake.

Kama kosa lingekuwa la mandhari tu, ningelipitia kwa mstari mmoja. Tatizo ni kwamba kilichofutwa ndicho kinachofanya kinesini isonge mbele. Tukumbushane. Kinesini ilitambuliwa mwaka 1985, Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walipokuwa wakichunguza usafirishaji ndani ya neva nene ya ngisi (ndiyo, ngisi, wa jamii ya wale wa soko la Feri, ana neva ambayo wanasayansi wameichuma kwa miongo). Mwaka 1993 ikapimwa kwa kibano cha leza na kuonekana kwamba kila hatua ni nanomita 8, sawa kabisa na umbali kati ya tofali moja la tubulini na lifuatalo. Kila hatua hutumia ATP moja. Mafuta hayo yakiwa tele, hatua hufika karibu 100 kwa sekunde.

Sasa iangalie hatua moja. Kichwa cha mbele kimeshika mikrotubuli. ATP inaingia humo, na ule utepe mfupi unaounganisha kichwa na shina unajilaza kuelekea mbele. Kujilaza huko hakukirushi kichwa cha nyuma kama mguu wa askari kwenye gwaride. Kinachofanyika ni kukibadilishia eneo la kutangatanga. Kichwa kilichoachia kinapigwa na maji kutoka kila upande, kinayumba kushoto, kinarudi, kinapita mahali pake bila kupashika, hadi kinaponasa kwenye kituo kilichoko nanomita 16 kutoka kilipotoka. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kazi ya ATP ni kuhakikisha kwamba kuyumba huko, ambako hakuna upande kunakoupendelea, kunaishia mbele na si nyuma. Ondoa mtikisiko, hatua haipo. Kwa hiyo watengenezaji hawakurahisisha mtambo. Waliutoa nje na kubakiza bodi.

Na mwendo waliouweka badala yake ni wa binadamu. Tazama jinsi kinesini ile inavyoinama na kuvuta, kama iliyoelemewa. Imeelemewa na nini? Katika ukubwa ule uzito hauna maana, na msukumo wa kuendelea mbele haupo: ukiacha kuvuta, mzigo unasimama hapo hapo, kwa sababu maji yanayoteleza mikononi mwetu yanaikaba molekuli kila upande. Edward Purcell aliyaeleza haya vizuri sana katika mhadhara wake kuhusu viumbe wadogo ndani ya vimiminika, uliochapishwa mwaka 1977. Kinesini inaweza kuvuta kwa nguvu ya pikonyutoni 6 hivi kabla ya kukwama, na kinachoikwamisha ni mnato na vizuizi, yaani ule umati uliofutwa. Wametoa kizuizi cha kweli, wakatunga mzigo wa uongo.

Halafu ATP yenyewe iko wapi? Kwenye kipande kile sioni molekuli moja ikiingia wala fosfeti moja ikitoka. Mitokondria tunaonyeshwa dakika hiyo hiyo, zikipinda na kubadilika umbo kando ya mikrotubuli, nzuri kweli kweli, lakini zinapita kama mandhari ya dirishani. Mafuta yanazalishwa fremu chache kutoka pale yanapotumika, na hakuna kinachounganisha viwili hivyo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua ugomvi huu nilianza nao zamani, na michoro ya vitabu vya shule: duara moja, kiini katikati, mitokondria tatu zimetawanywa kama zimesahauliwa, Golgi pembeni, na mishale ya majina. Mwanafunzi anachora kwa penseli iliyochongwa, bila kivuli, anapata alama zake zote, na anatoka darasani akiamini seli ni mfuko wa maji wenye vitu saba. Mwulize ribosomu ziko ngapi, atakuhesabia nukta alizochora. Mwaka 2006 walikuwepo watu wenye kompyuta, fedha na wanabiolojia wa Harvard mezani, na wangeweza kuumaliza ugomvi huo kwa sekunde ishirini za picha. Badala yake wakauchukua mfuko ule ule wa maji na kuupaka rangi za sinema.

Utetezi tumeshausikia: ukijaza kila kitu, mtazamaji haoni kitu. Nauheshimu, ila haujitoshelezi. David Goodsell alikuwa ameshaujibu mwaka 1991, kwa mchoro. Alichora kipande cha bakteria wa E. koli kwa ukubwa wa mara milioni moja, kila protini kwa umbo na wingi wake unaokadiriwa, zimebanana hadi huoni pa kupitisha sindano, na bado jicho linasoma: ribosomu hapa, utando pale, DNA imejikunja kule. Mwaka 1993 akaikusanya kazi ya namna hiyo katika The Machinery of Life. Hakuna aliyemaliza kitabu hicho akisema hakuona kitu.

Kwa kinesini yenyewe mfano ulikuwa wa karibu zaidi. Mwaka 2000 Vale na Ronald Milligan walichapisha katika jarida la Science makala kuhusu mota za protini, na Graham Johnson akawatengenezea picha ya kinesini inayosonga. Haina kifuko cha kupendeza wala muziki. Lakini unaona utepe ule ukijilaza, unaona kichwa cha nyuma kikipelekwa mbele, unaona nini kinatangulia na nini kinafuata. Ukiisimamisha popote, unaweza kujibu swali la "kwa nini sasa?" Ya 2006 ukiisimamisha popote unapata bango la ukutani. Miaka sita nyuma, kwa zana duni kuliko zao, kazi ilikuwa imeshafanywa vizuri zaidi, na haikuwa imefichwa. Ilikuwa kwenye jarida linalosomwa na kila mtu aliyekaa kwenye meza ile.

Na kabla ya wote hao, Robert Brown. Mwaka 1827 aliona chembe kutoka kwenye chavua zikicheza majini bila kusukumwa na chochote anachokiona. Mwaka 1831, akichunguza okidi, ndiye aliyekipa kiini cha seli jina lake la kitaalamu. Mtu mmoja, hadubini sahili, na mambo yote mawili akayashika: kwamba seli ina viungo, na kwamba vitu vidogo havitulii. Filamu imechukua nusu ya Brown.

Matokeo yake mnayapokea kwenye simu zenu. Kipande kile kimezunguka WhatsApp kwa miaka mingi kikiwa na maelezo kwamba ni miosini inayobeba endofini kuipeleka kwenye ubongo, na kwamba hivyo ndivyo furaha inavyoonekana. Si miosini, miosini hutembea juu ya aktini, si juu ya mikrotubuli. Si endofini, kile ni kifuko chenye utando ambacho ndani yake molekuli za namna hiyo zingejaa kwa maelfu. Lakini siwalaumu wanaosambaza. Ukimpa mtu kitu chenye miguu miwili, chenye bidii, kinachojua kinakokwenda, atakipa na moyo. Wengine wamekipa na mhandisi aliyekiunda. Hakuna kati yao ambaye angefika huko kama angeona kile kichwa kikihangaika kabla ya kushika.

Ugonjwa huo huo umesambaa kwenye vipande vingine, ila kwa kiwango kidogo. Aktini inapojengwa, kila tofali linakuja moja kwa moja kwenye ncha kana kwamba limeitwa kwa jina. Katika seli, kwa kila moja linalopata nafasi yapo mengi yaliyogonga na kuondoka.

Haki itendeke: seli nyeupe inayobingirika juu ya ukuta wa mshipa, vile vishikizo vya selektini vikifunga na kufunguka, ni kazi safi. Utando na visiwa vyake vya lipidi, safi. Vitundu vya kiini, safi.

Lakini kuna jambo la saa, na hili sijaona likisemwa vya kutosha. Kinesini inayopiga hatua 100 kwa sekunde imepunguzwa kasi hadi hatua za kuhesabika. Sawa, huo ni mwendo wa pole, tunauzoea kwenye marudio ya goli. Dakika moja baadaye protini inaingizwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, inapita Golgi, inafungashwa, inafika kwenye utando na kutolewa nje, yote kwa sekunde chache. George Palade na James Jamieson walikwisha kuipima safari hiyo katika miaka ya 1960. Waliipa kongosho ya mnyama wa maabara asidi amino yenye mnururisho kwa dakika 3 tu, wakaikatia, kisha wakaifuatilia kwa hadubini ya elektroni: mwanzoni alama ziko kwenye retikulamu, baada ya nusu saa na ushei ziko kwenye vifuko vikubwa vya upande wa Golgi, na kufikia karibu saa mbili ziko kwenye punje zinazosubiri kutolewa. Kwa hiyo filamu moja, bila onyo, inapunguza kasi mara makumi hapa na kuiongeza mara mia na zaidi pale. Mtazamaji anaondoka akidhani kinesini ni mzee na Golgi ni kijana. Saa ndogo kwenye kona ya skrini ingetosha, na mstari wa nanomita 10 chini yake.

Palade alipata Nobeli mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve, na sababu mojawapo ya kuwapenda watatu hao ni kwamba hawakukuonyesha oganeli bila kukwambia inafanya nini na kwa muda gani. De Duve aliifikia lisosomu kabla hajaiona: kimeng'enya kilichokuwa kikisoma kiwango cha chini kwenye ini lililosagwa kilipanda baada ya siku chache za jokofu, akajua kuna mfuko ulikuwa umekifungia na sasa unavuja. Hakuwa na picha. Alikuwa na utaratibu.

Watu wa Harvard na XVIVO wenyewe walirudi. Mwaka 2010 walitoa filamu ya mitokondria, inayolipa sehemu ya deni la ATP. Mwaka 2014 wakatoa ile ya msongamano wa protini, na humo kinesini hatimaye inahangaika, inapepesuka, inagongwa na majirani. Ni kazi bora kuliko ya kwanza karibu kwa kila kipimo ninachokijali. Lakini nenda darasani leo, au kwenye mkutano wowote wa hamasa ya sayansi, uone ipi inawekwa kwenye projekta. Ni ya 2006, na inasimamishwa pale pale kwenye kinesini ili watu wapige picha.

Walimu mnaonisoma, ibadilisheni ratiba. Wekeni ya 2014 kwanza. Kisha wekeni ile ya zamani bila sauti, simamisheni kinesini ikiwa imeinua kichwa kimoja, na waulizeni wanafunzi maswali mawili ya alama tano tano: ATP imeingia kichwa kipi, na ni nini kinachokisukuma kile kilichoko hewani.